Hamira Iliyofundishwa Kazi ya Mwili

Kila alfajiri, Ubah hukoroga hamira na sukari katika maji ya uvuguvugu, kisha huinamia bakuli mpaka aone povu, ndipo aanze kuandaa anjera, chapati laini za Kisomali, anazouza mtaani Kiwanjani. Wiki ile alikuwa ameacha kujidunga insulini, dawa yake ya kisukari, kwa kuwa jirani alimwambia kwamba hutolewa kwa nguruwe. Miguu ilikuwa imeanza kumlegea.

Hoda, binti wa kaka yake, msichana wa maneno machache aliyesomea biokemia, aliketi kando ya shangazi yake.

"Eddo, shangazi yangu, ya nguruwe ilikuwa zamani. Hii yako inatengenezwa na hamira."

"Hamira hii ya anjera? Usinichekeshe nikiwa mgonjwa."

"Jamii hiyo hiyo. Wataalamu waliitia maagizo ambayo mwili wa binadamu hutumia kutengeneza insulini, nayo ikayafuata. Inatoa insulini ya mtu."

Ubah alitazama povu likipanda.

"Kitu hakina jicho wala mkono," alisema polepole, "na kinafanya kazi iliyoushinda mwili wangu. Subhanallah."

Hoda naye aliinamia bakuli. Alikuwa ameyasoma hayo chuoni miaka yote bila kuyastaajabia.

"Utajidunga leo, eddo?"

"Nitajidunga sasa, kabla sijala."