Mikono ya Kipa Wetu

Mimi si shabiki. Niliseme hilo mapema, maana hapa mtaani ukikaa karibu na shule ya sekondari watu wanadhani lazima uwe na wazimu wa mpira. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinapakana na chumba cha shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, fundi cherehani anayeshona jezi za timu ya shule huu mwaka wa kumi na tisa. Watu wanamwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nimewahi kumwona nayo hata msibani.

Timu yenyewe haijawahi kuchukua kombe la shule. Iliwahi kufika nusu fainali, ikafungwa manne kwa bila, na watu bado wanaisimulia siku ile kana kwamba tulishinda.

Lakini kila mwaka, wiki mbili kabla ya msimu kuanza, kuna siku ya vipimo. Wachezaji wanapanga foleni mlangoni kwa Mama Futi, mashabiki wanajaa kwenye mabenchi nje, naye anasoma vipimo kwa sauti huku akiandika kwenye daftari. Kifua, bega, mkono, kiuno. Wanashangilia vipimo kama mabao. Mshambuliaji akiongezeka sentimita mbili kifuani, tayari watu wamempa mabao ishirini. Beki akipungua kiuno, mama yake anaulizwa huko nyumbani mnapika nini.

Mwaka huu vipimo vilitia fora. "Kifua, tisini na nane!" alisoma Mama Futi, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa kelele zake tunamwita Spika, akaruka kutoka kwenye benchi na kitambaa cha mteja bado begani. "Kiuno, sabini na nane! Bega, arobaini na nane!" Timu nzima ilikuwa imenenepa. Kisha ikafika zamu ya kipa.

Mwaka jana mkono wa kipa ulikuwa sentimita sitini na mbili. Kila mtu alikumbuka, kwa sababu mabao mengi tuliyofungwa yalipita juu kidogo ya vidole vyake. Mama Futi akanyoosha futi kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Akaisogeza mbali na uso wake. Akaisogeza mbali zaidi.

"Sitini na nane!"

Zogo lililozuka hapo sijawahi kulisikia. "Sentimita sita!" alipiga kelele Spika. "Huyu sasa anadaka akiwa amekaa!" Mwalimu mstaafu wa hisabati, anayeshika benchi la mbele kila mwaka, akainua kidole. "Mikono ni miwili. Kwa hiyo ni kumi na mbili. Jamani, goli limepungua." Wakakumbatiana. Kipa mwenyewe alikuwa anaitazama mikono yake mbele na nyuma, kama mtu aliyebadilishiwa mzigo kituoni.

Kesho yake akaniletea viatu vyake vya mpira niongezee mshono. Viatu ni vilevile vya mwaka jana, na bado vinamtosha. Nikamwambia avitundike kwenye msumari ule wa juu, nikaona anachuchumia kwa ncha za vidole vya miguu kama alivyochuchumia mwaka jana.

"Kijana, wewe umekua kweli?"

"Sijui, mzee. Mama Futi amesema."

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Mama Futi alipotoka kwenda kununua uzi, nikaingia kwake nikafungua daftari. Wachezaji kumi na wanane, vipimo vinne kila mmoja, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na tatu hata moja. Nane zilikuwa kila mahali. Nikarudi kurasa za zamani, miaka kumi nyuma, nikakuta tatu zimejaa tele.

Shemeji yangu alikuwa haoni tatu; kila tatu aliisoma nane. Kitambaa cha jezi walichokichanga mashabiki kilikuwa pale mezani, kimefungwa, na kilitosha kukatwa mara moja tu. Siku ya kukata ilikuwa Jumamosi. Akikata kwa nane zile, timu itaanza msimu imevaa mashuka, na wa kulaumiwa atakuwa yeye.

Ijumaa mchana nikapiga moyo konde. Nikaingia, nikaiweka miwani yangu ya kushonea juu ya daftari lake.

"Hii ya nani, shemeji?"

"Yangu. Lakini leo ina kazi kwako."

Akanikata jicho. "Unaniita kipofu?"

"Nakuita mtu asiyeona tatu."

Alichonijibu sitakiandika. Alinikumbusha viatu nilivyowahi kushona vyote vya kushoto, alinikumbusha na mengine ambayo nilidhani kaka yangu alikufa nayo. "Na wewe si ulisema si shabiki?" alimalizia. "Umeanza lini kufuatilia vipimo vya timu?"

"Nipime mkono," nikasema.

Akanipima kwa hasira, akivuta futi kama anataka kunifunga nayo. "Hamsini na nane!"

Mimi ni mfupi. Mkono wangu ni hamsini na tatu tangu ujana wangu, kaka yangu alinitania kwa hilo mpaka siku ya harusi yake, na mashati yangu yote ameyashona Mama Futi. Akaitazama futi. Akaichukua miwani, akaivaa, akaitazama tena futi kwa muda mrefu.

"Naogopa, shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kutangazia vipimo. "Wakijua macho yangu yamechoka, jezi watampa fundi mwingine. Shati la kwanza nililoshona maishani ni la kaka yako, alipokuwa anadaka pale shuleni. Wakininyang'anya jezi, uwanjani nitakwenda kama nani?"

Nilimwonea huruma, nikamwambia miwani abaki nayo.

Jumamosi asubuhi akawaita wote upya, wachezaji na mashabiki. Alivaa miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya kiatu kwa sababu mkono mmoja wa miwani umekatika. Benchi zima likanong'ona. Akamwita kipa kwanza, akanyoosha futi, na safari hii hakuisogeza popote.

"Sitini na tatu."

Hakuna aliyeshangilia.

"Nilikosea," akasema Mama Futi. "Macho yangu hayasomi vitu vya karibu, huu mwaka wa pili au wa tatu, nami nilikuwa naona aibu kusema. Vipimo vyote vile ni vya uongo. Kama mnataka fundi mwingine, kitambaa hiki hapa, sijakigusa."

Spika akasimama. Nilidhani atahutubia, nikajiandaa. Badala yake aligeuka akatuonyesha mgongo. Alikuwa amevaa jezi ya ushabiki ya mwaka jana, ile ile aliyoshonewa na Mama Futi, na namba kumi ya mgongoni ilikuwa imelala upande, moja ikiwa juu na sifuri ikiwa karibu na kiuno. Mwalimu mstaafu naye akageuka. Saba yake ilikuwa inaelekea kuanguka. Mmoja mmoja, mabenchi yote mawili yakageuka, na shemeji yangu akapita nyuma yao akizigusa zile namba, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Mlijua?"

"Tulijua, mama, ndiyo maana mwaka mzima hatujakupa mgongo," akasema Spika bila kugeuka.

"Na mikono ya kipa?"

"Mimi ndiye kinyozi wake. Anakaa kwenye kiti changu kila baada ya wiki mbili. Mikono yake naijua."

"Sasa mbona mliruka vile?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Nani angekukatalia?"

Mama Futi akacheka, akacheka mpaka miwani yangu ikaloa, kisha akaanza kufoka kama kawaida yake. "Vueni hizo jezi! Mwaka mzima mnanitembezea aibu mtaani! Vueni nizinyooshe!" Wakavua wote, wazee kwa vijana, wakabaki na fulana za ndani. Spika tu ndiye aliyeishikilia yake. Alisema ameizoea hivyo, na akiivaa imenyooka hatajitambua. Fundi mwingine hakutajwa na mtu.

Waliobaki wakapimwa upya, na tatu zikarudi daftarini. Mpaka saa sita matumaini yalikuwa yameshajengwa upya. Mwalimu mstaafu alieleza kwamba kutoka sitini na mbili hadi sitini na tatu ni maendeleo, na ukizidisha kwa mikono miwili si haba. Mtu mwingine akasema kipa wa mikono mirefu hufungwa mabao ya chini, afadhali huyu wetu wa katikati. Wakaondoka wakibishana nani atapokea kombe.

Alasiri nikamshikia kitambaa akate. Akaweka alama ya chaki kwenye sitini na tatu kwa mkono wa kipa, halafu akashuka nayo chini zaidi, akachora mstari wa pili.

"Shemeji, umepitiliza. Hiyo ni sitini na nane."

"Naiona," akasema. "Tano nazikunja ndani, upindo. Msimu ni mrefu, na mtoto bado anakua."

Akakata. Nikautazama ule mkono wa jezi ukianguka mezani, nikautazama na kitambaa kilichobaki.

"Kikibaki kipande," nikamwambia, "mimi ni hamsini na tatu."