Paka Aliyevalishwa Matanga

Mume wangu alipokufa aliniachia cherehani, baiskeli isiyo na breki, na paka mnene. Baiskeli ilichukuliwa na shemeji yangu siku ileile tuliyomaliza kuzika. Cherehani ilikuwa yangu tangu mwanzo. Paka hakuna aliyemtaka, au ndivyo nilivyodhani.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Manyatta, mjini Kisumu, katika ploti ya vyumba vinavyotazamana, uwanja katikati na bomba moja la maji. Mume wangu alikuwa mpakizi bandarini, na huyo paka alimleta kutoka huko akiwa mdogo wa kutosha kulala ndani ya kofia. Hakumpa jina. Alimwita "wewe," na paka aliitika. Mimi pia aliniita "wewe," kwa hiyo jioni alipoita, mimi na paka tulitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aende.

Mume wangu tulimzika kwao Kano, mbele ya Ahero. Kisha nikarudi mjini kwa sababu ya cherehani, maana nguo za watu zilikuwa zimelala mezani nusu nusu.

Kwetu mjane ambaye mambo yake ya matanga hayajamalizwa haingii nyumba za watu. Anaweza kusimama uani, anaweza kusalimia kwa mdomo, lakini kizingiti cha mtu havuki mpaka wazee wa kwa mumewe waje wamfungue. Mimi nilikuwa mtu wa darasa la nne, na kanisani sikukosa Jumapili, lakini sikuthubutu. Mtoto wa mtu akiugua baadaye, nani angeamini kwamba si mimi niliyeleta ugonjwa? Wazee walisema watakuja baada ya mavuno. Halafu mvua ikanyesha isivyo kawaida, mto ukafurika, barabara ya Ahero ikawa ziwa la pili, na wazee wakatuma habari kwamba wanangoja maji yapungue. Nami nikangoja, ndani ya nguo yangu nyeusi.

Wiki za kwanza majirani walikuja na uji na sukari, wakakaa nami. Baadaye kila mtu alirudia shughuli zake. Hawakuwa watu wabaya. Walileta nguo za kushonwa, wakaeleza wanachotaka haraka haraka huku wakitazama chini, wakaenda. Hawakujua waniambie nini, na mimi si mtu wa kumsaidia mwingine kuongea. Basi nyumbani tulibaki wawili, na mmoja wetu alikuwa hakai.

Paka aliondoka kulipopambazuka na kurudi jua likizama. Nilimpikia fulu, vile visamaki vidogo vya ziwani ambavyo siku hizi havionekani tena, nikamtolea miiba kwa vidole vyangu. Alivinusa kama bwana afya anayekagua hoteli, akageuka, akalala. Na huku hali chakula changu, alizidi kunenepa. Zamani alikuwa akiruka mpaka dirishani. Sasa alisimama chini ya dirisha akilitazama kama mtu anayetazama kilima, kisha akaja mlangoni kungoja nimfungulie. Alipumua kwa sauti. Siku moja alikwama chini ya kabati, ikabidi nimvute kwa miguu ya nyuma.

Niliogopa. Ama angekufa kwa unene, ama angehama kabisa, na vyote viwili vingeniacha katika chumba ambamo hakuna hata mmoja wa kuambiwa "toka hapo."

Kwa hiyo asubuhi moja niliacha cherehani, nikamfuata. Hakwenda mbali. Alivuka uwanja na kuingia kwa jirani yangu Mkikuyu, mama aliyekuja Kisumu kuuza viazi na kabichi sokoni. Nilisimama nje.

"Hodi."

"Karibu, mama. Ingia."

"Siwezi kuingia. Paka yangu iko hapo?"

"Paka gani?"

"Ile inakunywa maziwa. Naisikia."

Akatokea mlangoni akijipangusa mikono. "Mimi nampatia kidogo tu, mama. Anakuja hapa akilia kama hajakula tangu Krismasi. Nikasema labda kwa huzuni umesahau kupika."

"Napika kila siku."

"Nakuamini. Lakini yeye anasema hupiki."

Kutoka hapo paka alikwenda kwa karani, kijana kapera aliyefanya kazi katika ofisi moja mjini. Mtu huyu alikaa mahali ambapo samaki wabichi walipita mlangoni vichwani mwa akina mama, na bado alikula samaki wa mkebe. Nilimkuta akimgawia paka.

"Anapenda hii yenye nyanya," aliniambia kwa heshima, kana kwamba ananijulisha habari za mgeni wangu. "Ile ya mafuta anaacha."

Mwisho wa safari ulikuwa kwa mzee aliyewahi kuchochea makaa katika meli za ziwani. Mkewe alikuwa kijijini, na yeye alibaki mjini akidai kwamba hewa ya kijijini inamkohoza. Huko paka alikula kichwa cha samaki aina ya ngege na kulala juu ya kitanda. Mzee aliniita nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa.

"Mzee, unaninenepeshea paka," nilisema nikiwa nje.

"Nyar Uyoma, hii paka si nene. Ni mifupa yake ni mipana."

Niliwaomba wote watatu waache. Wote watatu walikubali, na kila mmoja aliniambia kwamba amekuwa akishangaa ni nani huyo mwingine anayemharibu paka wa watu. Wiki iliyofuata paka aliongezeka shingo.

Hapo nikapata wazo, na nalieleza kama lilivyokuwa. Kwetu Uyoma, ndama anayeachishwa maziwa huvalishwa kitu puani chenye miiba, na kila anayemwona anajua kwamba huyu hapewi ziwa. Hakuna anayeuliza. Nilifikiri paka naye akiwa na alama, watu wataelewa. Mezani nguo zote zilikuwa za wateja. Kitambaa changu mwenyewe kilikuwa kimoja tu, kile kilichobaki nilipojishonea nguo ya msiba. Nikakata kipande, nikakishona kikawa ukosi mzuri wenye kifungo, nikamvalisha. Asubuhi nikamwachia aende, sikusema neno kwa mtu. Niliona alama inatosha.

Jioni alirudi tumbo likifagia mchanga. Nilikwenda bombani na debe langu, mama wa viazi akanishika mkono. Tangu tumzike mume wangu, hakuna aliyekuwa amenishika mkono.

"Mama, leo umenitoa machozi. Hata paka umemvalisha matanga."

"Hapana, ile ni—"

"Nimempatia nyama."

"Nyama?"

"Sasa mtu amefiwa, nitampatia maziwa tu? Mfiwa hanyimwi."

Karani naye, niliambiwa, alikuwa amemfungulia mkebe wake peke yake, mzima, bila kugawana.

Sikuwa nimemaliza kujaza debe nilipomwona mzee wa meli anakuja na fimbo yake. Alisimama mbali, kama watu wanavyosimama mbali na mbwa wasiomjua.

"Nyar Uyoma. Hiyo paka ni mjane?"

"Mzee, ni dume."

"Basi imefiwa."

"Ni paka, mzee."

"Umeivalisha nguo ya matanga ama hukuivalisha?"

"Nimeivalisha, lakini nilitaka—"

"Na leo imelala kwa kitanda yangu ama haikulala?"

"Hiyo unajua wewe."

"Imelala. Juu ya mto." Akapiga fimbo chini. "Umeniletea matanga mpaka kwa mto. Sasa goti yangu inauma."

"Goti lako linauma tangu meli."

"Tangu meli ilikuwa inauma kidogo."

Nilimweleza habari ya ndama na miiba. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema kitambaa hakijui nia yangu. Nikasema basi naenda kuchukua mkasi nikikate. Hapo ndipo aliposhtuka kweli.

"Nani amekuambia matanga inatolewa na mkasi? Wazee wenu wakuje wamalize yako, wamalize na ya paka. Mpaka siku hiyo isiingie nyumba ya mtu."

Akageuka akautangazia uwanja mzima, mlango hadi mlango. Karani, ambaye alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, alicheka sana. Lakini kesho yake paka alipofika kwake alikuta mlango umefungwa. Karani alisema ni upepo.

Sijawahi kuona kiumbe aliyetukanwa kama paka yule. Alikwenda kwa mama wa viazi, mlango ukafungwa polepole, kwa huruma. Alikwenda kwa mzee, akafukuzwa kwa fimbo na maneno ya heshima. Mwishowe alikaa katikati ya uwanja na kulia kwa sauti ya mtu mzima. Nilimwita. Alinitazama, akaendelea kulia. Nilisikia uchungu, lakini pia, sitaficha, nilisikia raha kidogo: sasa atajua fulu ni chakula.

Mama wa viazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza. Jua lilikuwa bado juu alipotoka na sahani mkono mmoja na kigoda mkono wa pili, akaja moja kwa moja barazani kwangu.

"Yeye haingii kwangu. Wewe huingii kwangu. Sasa mimi nitafanya nini? Nimekuja kwenu." Akaketi.

Baada ya muda akaja karani na mkebe mfukoni, akidai anataka kujua suruali yake iko wapi. Suruali aliichukua wiki iliyopita. Mzee alikuja mwisho, na kichwa cha ngege ndani ya gazeti, akasimama hatua chache kutoka barazani.

"Mimi sikukuja," alisema. "Nimeleta kichwa."

"Kaa, mzee," mama wa viazi alimwambia. "Hapa ni nje."

Mzee akapima baraza kwa macho, akaona kweli ni nje, akakaa.

Paka alikula kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Nikatazama kazi yangu yote ikiharibiwa mlangoni pangu mwenyewe, nikasema kwamba niliwaomba wamwache, na sasa wamemletea mpaka nyumbani.

"Usitulaumu sisi," alisema mzee. "Bwana yako ndiye alituzoesha."

"Alizoesha nani?"

"Sisi wote. Asubuhi akienda kazi alikuwa anapita na hii paka kwa koti. Anabisha, anasema, 'Nisaidieni na huyu, jana hakula. Bibi yangu ana mkono mwepesi kwa ufagio, mzito kwa kijiko.'"

"Alisema hivyo?"

Mzee akaangalia fimbo yake. Mama wa viazi akaangalia chini. "Kwangu alisema unampimia na kijiko cha chai," alisema.

"Na kwako?" nikamwuliza karani.

"Kwangu alisema wewe ni mtu mwema sana." Akafikiri kidogo. "Ila paka haoni hivyo."

Tangu kumzika nilikuwa nikimtaja mume wangu kama anavyotajwa kanisani: marehemu, mtu mpole, mcha Mungu. Yote ni kweli. Lakini alikuwa pia mtu wa uongo mdogo mdogo, wa kuchekesha watu akienda kazini, na hilo nilikuwa nimelisahau kwa sababu halisemwi juu ya kaburi. Nikamkasirikia. Nilimkasirikia kama vile yuko chumbani anavua viatu.

"Mimi nilimtolea huyu paka miiba!" nilisema. "Kila siku ya Mungu! Kwa vidole hivi!"

Walinitazama, maana hawakuwa wamewahi kunisikia nikipaza sauti. Kisha mzee akaanza kutikisika mabega, na mama wa viazi akafunika mdomo kwa kanga, nami nikacheka. Nilicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hata hapo hakuna aliyenyanyuka. Mama wa viazi alinisogezea kigoda chake. Karani aliangalia mkebe mtupu kwa makini sana.

"Huna ugali hapo ndani?" aliuliza mzee, machozi yangu yalipopungua. "Watu wanalisha paka na wao wenyewe hawajakula."

Nikasonga ugali. Tukala fulu zangu, na walizisifu, mzee kuliko wote, ingawa alilalamika kidogo kuhusu miiba. Walikaa mpaka giza lilipoingia wakimsema marehemu, na kila mmoja alikuwa na uongo wake aliokuwa ameambiwa juu yangu. Walipoaga walisema kesho.

Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, paka alilala miguuni pa kitanda changu. Sisemi yalikuwa mapenzi. Milango mingine yote ilikuwa imefungwa, na yeye alikuwa ameshiba mno asiweze kubishana.