Tulipobaki Wawili Wodini

Kabla ya ugonjwa ule sikujua kwamba wauguzi tulikuwa wachache. Nilijua tunachoka, lakini kuchoka nilikuona ni sehemu ya kazi. Wodi yetu ilikuwa imejaa watu muda wote. Kila mgonjwa alikuwa na mama, shangazi au mke aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda, na hao ndio waliomwosha mgonjwa wao, wakamlisha uji, wakamgeuza, wakamwaga beseni lake, wakaja kutuita dripu ilipokaribia kwisha. Sisi tulipita na dawa na sindano, tukaandika, tukapita tena. Nilidhani wodi ndivyo inavyokwenda.

Ugonjwa ulituingia wakati wa baridi, ukungu ukishuka kutoka vilele vya Magamba na kukaa juu ya mabati ya hospitali mpaka karibu na adhuhuri. Majira hayo watu wa milimani hukohoa kila mwaka, kwa hiyo wa kwanza tuliwatibu nimonia na kuwapa pole ya baridi. Jina lenyewe hatukulitamka sana. Tulisema changamoto ya upumuaji, au tulisema tu ule ugonjwa. Majumbani watu walijifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, na wengi walifika kwetu wakiwa na harufu hiyo kwenye nguo, wamechelewa, midomo imeshabadilika rangi.

Wodi yetu ikafanywa ya kutenga wagonjwa hao. Pazia likafungwa katikati, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na ndugu wakazuiwa kuingia. Siku ile ya kwanza mikeka ilipokunjwa, ndugu wakatoka nje, nilisimama mlangoni nikaitazama wodi kama naiona mara ya kwanza. Vitanda vimejaa, na waliosimama wima ni sisi tu.

Na sisi wenyewe tulikuwa tunapungua. Mwenzetu mmoja alikuwa likizo ya uzazi. Mwingine alipata kazi Dar es Salaam akaaga mapema mwaka ule. Wa tatu aliugua, akapona, lakini kila akitembea haraka alisimama akashika kifua, basi wakampeleka mapokezi akae kitini. Usiku tuliazimiwa watu kutoka wodi nyingine. Mchana ukabaki wetu wawili, mimi na Mama.

Mama alikuwa muuguzi kiongozi wa wodi, na wote tulimwita hivyo, hata madaktari. Kwao ni kijiji cha Mgwashi. Mumewe alikuwa mwalimu, amestaafu, wanalima viazi na maharage, na Jumapili Mama aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wao. Nilipokuja pale nikiwa mwanafunzi, ni yeye aliyenifundisha kutafuta mshipa kwenye mkono mgumu wa mtu wa jembe. "Usiutafute kwa macho," aliniambia, "utafute kwa kidole." Alikuwa amebakiza kitambo kidogo naye astaafu.

Sasa tulifanya kazi yetu na ile ya ndugu wote waliotolewa nje. Tulilisha, tuliosha, tulibadilisha mashuka, tulipokea vyombo vya chakula dirishani na kukumbuka uji huu ni wa nani. Ndugu walikaa kwenye nyasi nje wakatupigia simu huku wakituona kupitia kioo cha dirisha. "Sista, mwambie baba tupo hapa." Nilikuwa nakwenda kumwambia, nikifika njiani mwingine anaita, nikirudi nimesahau. Barakoa ilikuwa moja kwa siku, na ikilowa kwa pumzi tuliivaa hivyohivyo. Mitungi ya oksijeni ilipokuwa pungufu daktari ndiye aliyeamua nani aunganishwe kwanza, kisha akatoka nje, akasimama kwenye ukuta peke yake. Sisi tulibaki ndani na yule ambaye hakuunganishwa.

Kati ya wagonjwa wa wakati ule alikuwepo mchuma chai mmoja kutoka mashamba ya upande wa Bumbuli. Alikuwa mtu wa Kigoma, amekuja milimani kutafuta kazi, Kishambaa hajui, ndugu hana hata mmoja wa kukaa kwenye nyasi. Watu wa shambani walimshusha kwenye pikapu wakamwacha mapokezi na blanketi lake. Alikuwa mtu mzima mwenye haya. Alipojichafua alijifunika mpaka kichwani, akakataa nisimguse.

Mama akaja na beseni la maji ya moto.

"Shikamoo, Mama," alisema yule bwana chini ya blanketi. "Acha tu, nitajiosha nikipata nguvu."

"Marahaba. Nguvu utazipata ukiwa msafi," alisema Mama. "Nami nina kijana wa umri wako, yuko mbali na kwao kama wewe. Geuka."

Akageuka. Mama alimwosha taratibu, akimwuliza habari za Kigoma, mawese yanavyokamuliwa, dagaa wanavyoanikwa, na yule bwana akajibu kwa maneno mawili mawili maana pumzi haikutosha. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyemhudumia. Hatukutegemea kwamba angepona, lakini alipona. Alitoka wodini akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, na blanketi lake begani.

Mama mwenyewe alianza kuugua bila kusema. Niliona anashika vyuma vya vitanda anapopita, kitanda hiki, kisha kinachofuata, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwambia akapumzike.

"Nikienda nani atabaki?" aliniuliza.

"Nitabaki mimi."

"Na ukienda msalani?"

Hata hivyo nilikwenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima, nikamweleza. Nilimkuta anabeba mashuka machafu mwenyewe kwa sababu mfuaji naye alikuwa anaumwa. Aliyaweka chini, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atajaribu kutuazimia mtu kutoka wodi ya wazazi. Mtu huyo alikuja asubuhi moja, na kabla ya mchana akaitwa arudi alikotoka, kuna mjamzito anatoka damu.

Siku Mama aliposhindwa kusimama, alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa kitupu karibu na dirisha, akavua viatu vyake vyeupe, akavipanga vizuri chini, akajilaza. Hivyo ndivyo alivyolazwa. Nilimpima oksijeni, nikamwonyesha daktari namba kwenye kidude cha kupimia, naye akaenda kuangalia mitungi. Bahati siku hiyo mtungi ulikuwepo.

Kumuuguza muuguzi ni kazi ngumu, na kumuuguza kwenye wodi yake mwenyewe ni ngumu zaidi, maana hakulala. Kutoka pale dirishani aliona kila kitu. Aliona mgonjwa aliyejifunua, aliona beseni lililojaa, aliona kwamba dawa za saa sita nazigawa saa nane. Alikuwa ananyanyua kidole na kunionyesha. "Yule bibi wa pembeni hajanywa maji tangu asubuhi." "Dripu ya yule mama imeisha." Kila aliloliona lilikuwa kweli, na kila nilipokimbilia moja, lingine lilikuwa linaharibika nyuma yangu. Hakunilaumu hata kidogo. Alikuwa anateseka kwa sababu aliona na hawezi kunyanyuka.

Mchana mmoja aliniita nikadhani anataka maji. Alisogeza ile barakoa ya oksijeni kidogo.

"Mwanangu, nigeuze nitazame ukutani."

"Unaumia wapi, Mama?"

"Siumii. Nataka nisikuone unavyokimbia."

Nilimgeuza, nikamwekea mto mgongoni asirudi. Alifumba macho. Nilisimama pale nikiwa na mikono juu ya bega lake, halafu mtu upande wa wanaume akaanza kukohoa bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi, nikaenda.

Mama alifariki asubuhi moja jua limeshapenya ukungu, wakati nikiwa upande wa pili wa pazia na daktari tukihangaika na mzee mmoja. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyeniita, na hakupaza sauti. Nilipofika Mama alikuwa bado anatazama ukutani. Mtungi ulikuwa unaendelea kutoa hewa. Daktari alikuja, akapima alichopaswa kupima, akaufunga yeye mwenyewe, kisha akauhamishia kwa yule mzee.

"Nenda kapumzike," aliniambia.

Tukatazamana. Akainamisha kichwa akarudi upande wa wanaume, maana alijua kama ninavyojua kwamba hapakuwa na wa kunipokea. Nilimwandaa Mama mimi mwenyewe. Nilimfunga kidevu, nikamnyoosha mikono, nikamfunika. Nikanawa. Nikashika sinia la dawa, nikaanza na kitanda cha kwanza.

Siku ya maziko sikwenda Mgwashi. Hospitali ilimwachia mtu mmoja tu akatuwakilishe, na mtu huyo hakuwa mimi, kwa kuwa wodi ilikuwa na mimi tu. Kwaya iliimba, niliambiwa, waimbaji wamesimama wakiachiana nafasi, na sauti ya pili ilipwaya.

Nilikwenda baada ya muda, Jumapili nilipopata nafasi. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kwao inateleza, nilifika na tope magotini. Mumewe alikuwa mbele ya nyumba, anachambua mbegu za viazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za kazi?"

Akaniletea kiti, akaingia kunipikia chai mwenyewe, na kutoka jikoni nilisikia anafungua makabati akitafuta sukari iliko. Tukanywa. Kisha akaniuliza kama mkewe aliacha neno. Nilijua ananiuliza kama aliacha neno lake yeye, la kumpelekea. Nilifikiri nimtungie, ningeweza, lakini alikuwa mwalimu na angenijua.

"Aliniambia dripu ya yule mama imeisha," nilisema.

Alicheka kidogo. "Huyo ni yeye," alisema. Halafu akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa mikono yake iliyokuwa na udongo wa viazi, akalia bila sauti, nami nikakaa pale nikisubiri machozi yangu yaje. Hayakuja.

Yule mchuma chai alirudi msimu wa masika. Nilimkuta kwenye lango la hospitali amevaa shati lililopigwa pasi, amenenepa, ana kuku wawili amewafunga miguu. Alikuwa amemletea Mama. Nilimweleza palepale langoni, nikitumia sauti ileile ninayotumia kuwaeleza ndugu. Alinisikiliza, akauliza, "Ni ugonjwa uleule?" Nikamwambia ndio. Akauliza tena, polepole, kama Mama aliupata kwake yeye. Nikamwambia hakuna anayeweza kujua, wagonjwa walikuwa wengi. Hakuniamini. Alitaka kuniachia wale kuku nikakataa, akataka tena nikakataa, mwishowe akawaacha kwa mlinzi na kushuka barabarani bila kuaga.

Mimi nyumbani nilikuwa nimeshaharibika na sikuona. Nilikuwa nafika, nakaa kwenye kiti karibu na mlango na viatu miguuni, na giza linaingia nikiwa hapo. Mume wangu aliacha kuniuliza kulikoni. Binti yangu alijifunza kupika maharage mwenyewe. Mama yangu mzazi alinipigia simu kwa Kishambaa, lugha ambayo nimelelewa nayo, nami nikawa namjibu kwa Kiswahili, maneno mafupi, kama ninamjibu mtu wa mapokezi. Watu wa jirani wakinisalimia njiani, watoto wakiniamkia shikamoo, nilikuwa nasikia wakati nimeshapita.

Baadaye ugonjwa ulipungua na ndugu wakaruhusiwa tena. Wauguzi wapya walikuja kwa mkataba. Mmoja, msichana mchangamfu kutoka Moshi, nilimfundisha kutafuta mshipa. Mkataba ukaisha, akaondoka, na wenzake wakaondoka. Mikeka ikarudi kando ya vitanda, mabeseni yakamwagwa na shangazi za watu, wodi ikaonekana imejaa.

Mwaka jana nilikwenda kwa metroni kuomba uhamisho. Nilisema zahanati yoyote, hata ya Amani kule upande wa pili wa milima, mahali ambapo watu wanakuja kuchanja watoto na kurudi kwao. Alinisikiliza akiwa amevua viatu chini ya meza, nikaona miguu yake imevimba.

"Nikikuachia wewe," alisema, "wodi ile nitampa nani?"

"Sijui, Metroni."

"Hata mimi sijui." Alitafuta viatu vyake kwa mguu. "Ningekuwa na mtu, ningekuachia leo. Na ningejiachia mimi mwenyewe."

Nilimshukuru nikatoka. Sikumkasirikia. Nilipita uani, nikanawa mikono, nikaingia wodini kwa sababu zamu ilikuwa yangu.

Bado nipo. Mgonjwa akifariki nafanya yote yanayotakiwa, wala sikosei. Nafunga kidevu, nanyoosha mikono, nawaita ndugu, nawapa pole, na pole yenyewe naisema vizuri. Wiki iliyopita alifariki mama mmoja kijana, watoto wake wadogo wamekaa kwenye ngazi nje wanakula peasi, na nilipomfunika nilisikia njaa, nikakumbuka kwamba sijala tangu asubuhi. Nilikwenda kwenye chumba kidogo cha wauguzi, nikala kiazi changu cha kuchemsha mpaka kikaisha, nikarudi kazini.