Tangazo Lililoishia Kabla ya Kibumba

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka damu hunichemka upya. Nilikuwa binti mwenye sauti nzuri na kichwa kigumu, natangaza kwenye redio ndogo pale Birere, mjini Goma, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Huko chini pikipiki zilipiga honi tangu alfajiri, nasi juu tukafunga madirisha ili kelele zisiingie kwenye maikro. Leo nafundisha vijana kuunda programu za kompyuta, nawe ni mmoja wao, basi kaa unisikilize. Sikusimulii ili ulie. Nakusimulia kwa sababu nina hasira, na miaka yote hii haijaipoza.

Kazi yetu kubwa wakati ule haikuwa muziki wala habari za wakubwa. Ilikuwa matangazo ya misiba. Wewe umekulia kwenye simu, unadhani habari ya kifo inajifikisha yenyewe. Sisi, mtu akifia Goma, ndugu zake wa Rutshuru na Masisi walisikia redioni, wakaacha jembe shambani, wakatafuta gari.

Na tangazo la msiba kwetu lina utaratibu wake, haukuanza jana. Kwanza yanasomwa majina: familia ya fulani na familia ya fulani, watoto, wajukuu, wakwe, majirani wa zamani, akina mama wa kanisani. Ukiruka jina la mkwe mmoja umewasha ugomvi ambao wajukuu wataurithi. Mtu ni watu, na siku ya kufa ndipo watu wake wanapotajwa hadharani. Msiba uko wapi na maziko yatakuwa wapi, hayo yanakuja mwisho kabisa, watu wakishatajwa. Hilo alilijua hata mtoto anayetumwa chumvi. Programu ya Dezire haikulijua.

Dezire alikuwa fundi wetu wa kompyuta, kijana aliyerudi kutoka masomoni na maneno mengi ya Kifaransa. Mkurugenzi alimwagiza atuundie programu ili tuache kuhangaika na karatasi studioni: sekretari aandike tangazo kwenye kompyuta yake mapokezi, mimi nilisome kwenye ya kwangu. Ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Rangi ya buluu, vitufe vya muziki vimepangwa kama meno, na juu yake alama ya redio yetu, kubwa kama sahani, inazunguka taratibu mchana kutwa. Katikati palikuwa na kisanduku cha maneno. Kisanduku hicho kilikuwa na kimo kimoja tu. Hakikurefuka, hakikushuka wala kupanda. Maneno yakizidi, ya chini yalibaki gizani ndani ya mashine, na hakuna alama yoyote iliyokuambia kwamba yapo.

Unajua aliijaribu kwa tangazo gani? La mbuzi aliyepotea. Mbuzi hana wakwe. Tangazo lake likaenea vizuri kwenye kisanduku, tukapiga makofi, mkurugenzi akanunua fanta. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulisimama mlangoni tukasifu rangi.

Basi akafa Mama Veneranda. Alikuwa amekaa Goma kwa watoto wake, lakini shamba la marehemu mumewe lilikuwa Kibumba, na huko ndiko alikotaka kulazwa. Watoto walileta tangazo refu, lenye kila jina, jinsi inavyotakiwa. Nikalisoma lote lililokuwa mbele yangu, kwa sauti ya huzuni ninayoijua. Mstari wa mwisho niliouona ulisema hivi: msiba uko nyumbani kwa watoto wake, Goma, na maziko ni kesho mchana. Nukta. Nikaona limekamilika. Nikaweka wimbo wa kanisa.

Chini ya nukta ile, mahali macho yangu hayakuweza kufika, yalikuwapo maneno mengine. Yalisema mwili utapelekwa Kibumba asubuhi, na ndugu wanaotoka upande wa Rutshuru wasishuke mjini, waishie huko huko.

Kule Kalengera, upande wa Rutshuru, kaka mkubwa wa marehemu, Muzee Faustin, alikuwa ameegemeza redio sikioni. Kesho yake alipanda gari la kwanza kuja Goma. Sasa tazama njia ilivyo, mwanangu. Kutoka Kalengera kuja Goma huwezi kuikwepa Kibumba. Gari lake lilipita pale. Lilipita, halikusimama, likamleta mjini kwenye nyumba ambayo haikuwa na mtu ila jirani anayefagia ua. Jirani ndiye aliyemwambia. Mzee wa watu akapanda pikipiki, akarudi njia ile ile mpaka Kibumba, vumbi lote la ile barabara machoni. Alipofika, udongo ulikuwa umeshasawazishwa na watu wananawa mikono.

Kwetu mjomba si mgeni kwenye kaburi la dada yake. Anangojwa. Walimngoja mpaka padri akachoka, wakamweka mzee mwingine mahali pake. Alipotokea, wapwa zake walimtazama tu. Hakuna aliyempa mkono. Mkubwa wao alisema mbele ya watu kwamba mama yao amedharauliwa na damu yake mwenyewe.

Siku iliyofuata Muzee Faustin akapanda ngazi zetu. Hakupiga kelele. Alimweleza mkurugenzi yaliyompata, neno kwa neno, kofia mkononi. Nilitegemea mkurugenzi angepiga magoti. Unajua alisema nini?

"Pole sana, muzee. Lakini tangazo yenu ilikuwa ndefu mno. Mungekata kidogo. Ile majina yote ni ya nini?"

"Ya nini?" Muzee Faustin alimsogelea. "Wale ni watu yake. Unataka nimukate nani? Mukwe? Mujukuu? Niambie wewe, nimukate nani."

Mkurugenzi akatazama dari. Mzee akaomba aonyeshwe hiyo mashine. Sekretari alimfungulia tangazo kwenye kompyuta ya mapokezi, likaonekana zima, Kibumba imo. Kisha tukamleta studioni, nikamfungulia lile lile. Likaishia kwenye nukta. Mzee akainua kidole akaonyesha ile alama ya redio.

"Na hii inazunguka, inasaidiaka nani?"

"Inapendezesha tu, muzee," Dezire akajibu, sauti imemshuka.

"Kwa hii mulipata nafasi. Kwa kaburi ya dada yangu mulikosa."

Dezire alianza kujitetea kwamba kisanduku kikirefuka kitafunika vitufe, kwamba kila programu ina mipaka yake. Mzee alimwacha amalize. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa nakula, naweka chakula chini.

"Mutoto yangu, mi nilipita pale Kibumba. Niliona watu wengi juu ya kilima, wanaimba. Nikatoa kofia. Nikasema, huyu mutu alipendwa, angalia watu yake. Kumbe ni dada yangu ndiye nilikuwa napita."

Mkurugenzi akakohoa, akaahidi kubandika mlangoni agizo kwamba kuanzia sasa matangazo yawe mafupi. Hapo ndipo nilipowaka, mwanangu. Kumbe dawa yake ni hiyo! Kisanduku kimekosea, watu ndio wakatwe! Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi uliojikwaa hewani ulikuwa wangu, kwa sababu ya pambo la mtu mwingine. Nikamwambia mbele ya wote kwamba sitasoma tangazo lolote la msiba mpaka nione maneno yote.

Mkurugenzi alitaka kumaliza kwa pole nyingine na soda. Mzee akaikataa.

"Pole ya humu ndani haifikake Kibumba. Watoto ya dada yangu wako kule bado kwa matanga, na wanasikilizaka redio. Museme kwa redio."

"Redio ikisema imekosea, nani ataleta tangazo tena?" mkurugenzi akauliza.

"Na ikinyamaza, mi nitaingia kwa nyumba ya nani tena?"

Mkurugenzi akatoka. Dezire, nampa haki yake, alikaa chini bila kuambiwa. Aliondoa ile alama inayozunguka. Akakipa kisanduku nafasi yake yote, maneno yakawa yanashuka mstari yenyewe bila kukatwa katikati, pembeni akaweka mwambaa wa kuyapandisha na kuyashusha, na chini akaandika kwa herufi nyekundu kwamba bado yapo mengine, mpaka uyafikie ya mwisho. Kazi hiyo haikumchukua hata mchana mzima. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote! Jambo dogo kiasi hicho, na lingefanywa mapema mtu angemzika dada yake.

Saa ya matangazo ya jioni nikamkalisha Muzee Faustin kwenye kiti cha wageni. Nikalisoma tangazo lote upya, kila mkwe, kila mjukuu. Nikafika Kibumba. Kisha nikaongeza, bila kumwomba mtu ruhusa, kwamba Muzee Faustin wa Kalengera hakumdharau dada yake, alifuata tangazo letu, na sisi ndio tuliolikata. Nyuma ya kioo mkurugenzi alikuwa anapunga mikono kama anafukuza nyuki. Nikampa mgongo.

Wapwa walisikia. Mkubwa wao alikuja Birere asubuhi yake, akamshika mjomba wake, aliyelala mjini usiku ule, mikono yote miwili pale ngazini, wakaondoka pamoja. Nilifurahi, ndiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Uso wa dada yake hakuuona tena, na hakuna fundi atakayemrudishia.

Ndiyo maana, mwanangu, nakukasirikia mapema kabla hujakosea. Naona programu zenu za leo, za vituo vya afya, za shule, za vyama vya wakulima, zinazowaonyesha watu maneno nusu halafu nukta tatu, na mkiulizwa mnasema maandishi yalikuwa marefu. Marefu kwa nani? Neno refu limekuja na sababu yake. Lipe mahali pa kukaa. Liache lishuke mstari, lipandishwe na kushushwa, herufi zikuzwe kwa mwenye macho dhaifu, na kama sehemu imebaki chini, mwambie msomaji waziwazi kwamba imebaki. Usilitie kwenye kidirisha kinachojifunga kabla mtu hajamaliza kusoma. Na unapojaribu kazi yako, usiijaribu kwa mbuzi. Tafuta tangazo refu kuliko yote unayoyajua, lenye wakwe wote ndani, ulitie humo, ulisome mpaka chini. Lisipoenea, ondoa pambo lako. Usithubutu kumwambia mfiwa apunguze watu wake ili kioo chako kipendeze.

Sasa nenda kafanye kazi. Mungu akupe mikono myepesi na moyo usio na haraka. Akupe nyumba yenye watu, na watu wenye majina mengi. Na siku jina lako litakaposomwa, ukiwa mzee sana, lisomwe mpaka mwisho.