Mdomo Wangu Kwenye Picha ya Harusi ya Nekesa

Kosa ni langu, na simsingizii shetani, maana siku ile nadhani hata yeye angeniambia nitulie.

Miaka ya sabini nilikuwa nikiishi mtaa wa Bahati, chumba kimoja na rafiki yangu Nekesa. Mimi nilikuwa taipisti huko Industrial Area, kucha rangi, viatu vya mchuchumio. Nekesa aliuza sukuma wiki kando ya barabara. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye nitakayeolewa kwanza. Lo! Akaja fundi wa reli, mtu na nyumba yake Makongeni, akanipita mimi na kucha zangu, akamposa muuza mboga.

Nilimpongeza, nikamkumbatia. Moyoni wivu uliniunguza vibaya sana.

Sasa, ofisini bosi wetu Mholanzi alikuwa na kalenda ya picha za kale za kwao. Mwaka ulipoisha alinipa ukurasa mmoja: bwana na bibi chumbani, wameshikana mikono siku ya ndoa yao, mamia ya miaka iliyopita. Akanieleza kila kitu. Mbwa miguuni ni uaminifu. Viatu vimevuliwa kwa sababu pale ni mahali patakatifu. Mshumaa mmoja unawaka mchana kweupe, ni jicho la Mungu. Na nyuma yao ukutani kuna kioo cha duara, ndani yake wanaonekana watu wawili mlangoni. Hao, alisema, ni mashahidi.

Nekesa alipoiona aliguna. "Na huyu bibi harusi, kwani ana mimba?"

"Mimba wapi! Ni gauni amelikusanya mbele. Matajiri wao walivaa hivyo," nikamjibu, kama mtu aliyezaliwa huko.

Basi nikajifanya mtaalamu, nikamganda apigwe picha kama ile ile. Studioni tukawasha mshumaa, maharusi wakavua viatu. Mbwa wa mwenye studio alikataa kutulia, tukamfukuza. Lakini kioo nilikipigania!

"Sista, hiyo kioo itaniharibia picha," mpiga picha akalalamika.

Nikamwambia bila kioo hakuna shahidi, na bila shahidi hiyo si ndoa. Uongo mtupu! Nilitaka tu nionekane. Akakigeuza kidogo asitokee yeye, nikatokea mimi.

Nekesa akakusanya gauni lake la kuazima, akamwinulia mumewe macho yaliyojaa furaha. Na mimi, pale kando ya kamera, nikabinua mdomo. Mara moja tu! Taa ikamulika saa ile ile.

Picha ilitoka nzuri ajabu. Na ndani ya kioo nilikuwa mimi, safi kama picha ya kitambulisho, mdomo umepanda hadi karibu na pua.

Nekesa akaweka kidole pale kwenye kioo.

"Ni jua lilinipiga machoni," nikasema.

"Ndani ya studio?"

"Basi tupige ingine, Nekesa, tafadhali."

"Hapana. Si ni wewe uliniambia kioo ni ya kuonyesha shahidi? Imeonyesha."

Akaitundika sebuleni. Kila mgeni alionyeshwa mshumaa, akaonyeshwa viatu, kisha: "Na huyu kwa kioo ni rafiki yangu." Mgeni anasogea, anachungulia, ananitazama, anarudi kwenye chai yake. Ole wangu!

Hakunifukuza. Aliacha tu kunialika. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, niliambiwa na mama mwingine wa mboga, mimi niliyekula naye sahani moja miaka minne! Siku hiyo nililia hadi macho yakavimba.

Dada unayesoma, ukiitwa ukashuhudie furaha ya mwenzio na moyo umekataa, sema unaumwa, baki nyumbani ufue nguo. Mimi nimeshaolewa sasa, na picha yangu ya harusi haina kioo. Haina Nekesa pia. Lakini kule Makongeni ningali ukutani, nimebinua mdomo, na nasikia wanawe humuuliza, "Mama, huyu anti alikuwa anaumwa wapi?"