Chenza Limezama, Darasa Zima Likaimba Linaelea

Nilikosa mimi, tena kwa hiari yangu na kwa tabasamu. Nalitanguliza hilo ili usihangaike kunitafutia utetezi njiani, maana mume wangu amejaribu akashindwa.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule moja ya msingi upande huu wa Bigwa, pale barabara inapoanza kupanda kwenda mlimani. Ukinitambua, nisitiri, na tukikutana sokoni usiniulize bei ya machenza. Nimeshaulizwa vya kutosha.

Yote yalianza na semina. Nilichaguliwa kwenda mjini kwenye mafunzo ya walimu kazini, kwenye ukumbi wenye feni na chai ya vitafunwa vya kila namna. Tulifundishwa jambo moja zuri sana, na mpaka leo naamini ni zuri: kwamba mtoto si debe tupu la kujazwa maneno. Ni mtu anayefikiri, na kazi ya mwalimu ni kumpa nafasi afikiri. Maneno yale yaliniingia moyoni. Nilirudi shuleni kama mtu aliyeokoka jana. Nilipanga madawati kwa makundi, nikabandika chati kila ukuta mpaka mlango wa stoo, na mwalimu yeyote niliyemkuta anaandika ubaoni huku watoto wananakili, nilimtazama kwa huruma.

Mwalimu Mkude, jirani yangu wa meza pale ofisini, mtu wa miaka mingi kazini na mdomo usio na breki, aliniambia, "Madam, wewe umekwenda semina umerudi nabii." Nilicheka, lakini moyoni nilisema ndiyo hivyo hivyo.

Sasa, sisi walimu tuna kitu kinaitwa somo la mfano. Mwalimu mmoja anafundisha darasa lake, wenzake wa pale na wa shule za jirani wanakaa nyuma wanatazama, halafu mnajadili. Muhula ule ilitangazwa kwamba kata inatafuta mwezeshaji, yaani mwalimu wa kuwafundisha walimu wengine zile mbinu mpya, na kwamba Afisa Elimu Kata angekuja mwenyewe kutazama masomo ya mfano ili achague. Nilikitaka kile cheo jamani. Nilikitaka mpaka nikawa nakitaja usingizini, na shahidi ninaye nyumbani.

Nikachagua sayansi, darasa la tatu, vitu vinavyoelea na vinavyozama. Beseni la maji, jiwe, kijiko, kipande cha mti, na chenza. Somo tamu, watoto wanalipenda, na halimtoi mwalimu jasho.

Kosa langu ni kwamba nililifanyia mazoezi.

Hapo walimu wenzangu mnajifanya kushangaa. Acheni. Sote tunajua madarasa yanavyokuwa wageni wanapokaribia: nani ataulizwa, nani atajibu, nani aambiwe abaki nyumbani siku hiyo kwa kuwa kelele zake hazina mwisho. Lakini mimi nilivuka mpaka. Kule semina walituambia kwamba ubora wa mwalimu unaonekana mtoto anapokosea, kwa jinsi anavyomsaidia. Basi nikaona nahitaji mtoto wa kukosea, na nikamteua.

Hapa nitamwita Skola, Skolastika kwa kirefu, ingawa si jina lake. Mama yake analima kabichi na karoti huko juu na kushuka nazo sokoni. Skola alikuwa kimya tangu aanze shule, kimya cha kusahauliwa kwenye mahudhurio, na muhula ule ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunyoosha mkono. Mara nyingi alikosea, lakini alinyoosha. Mwalimu mwenye akili zake angeutunza mkono ule kama yai. Mimi nikasema huyu ndiye, kukosea ameshazoea.

Nikamwita pembeni wakati wenzake wanakunywa uji. "Skola, nikikuuliza chenza linafanya nini ndani ya maji, wewe utasema linazama."

"Lakini linaelea, madam."

"Najua. Wewe sema linazama, mimi nitakusaidia."

"Nitakuwa nimekosa?"

"Utakuwa umekosa vizuri," nikamwambia, na nikajiona mwalimu wa kizazi kipya.

Mtoto gani atamkatalia mwalimu wake? Tukafanya mazoezi wiki nzima. Skola anakosa, mimi nasema kwa sauti ya asali, "Hapana, Skola, angalia tena, nani amsaidie mwenzetu?" Deo, hodari wa darasa, anasimama, anasema linaelea kwa sababu ni jepesi kuliko maji. Darasa zima linaitikia "Linaelea!" halafu makofi ya kilo kwa Deo, yale mazito ya mpigo mmoja. Ilipofika Alhamisi walikuwa wamekolea kama kwaya ya kigango inayoisubiri Pasaka. Ungeweza kuondoa beseni na mambo yakaenda vile vile.

Siku yenyewe wageni walikaa nyuma, walimu wa shule jirani na madaftari yao, na katikati yao Afisa Elimu Kata, mama mtu mzima mwenye miwani na upole wa kutisha. Mimi nilivaa kitenge kipya. Vifaa vyangu nilikuwa nimeviacha ofisini, jiwe, kijiko na kipande cha mti ndani ya beseni, na chenza kwenye sahani. Nilipokwenda kuvichukua nikakuta chenza limemenywa. Limemenywa lote, nyuzi zote zimeondolewa, limelala pale uchi kwenye sahani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," alisema Mwalimu Mkude kwa fahari. "Nilidhani ni la Afisa. Nikaona nimmenyee, mikono yake isichafuke."

Ningefanya nini? Kengele ilikuwa imeshagongwa. Nikasema chenza ni chenza, nikalibeba.

Nakuambia, lile somo lilianza vizuri mpaka nikaogopa. Jiwe lilizama, watoto wakasema limezama. Kijiko kikazama. Kipande cha mti kikaelea, na kundi la dirishani likaeleza mpaka walimu wa nyuma wakatingisha vichwa kwa kukubali. Mimi nilikuwa natembea juu ya mawingu. Nilikuwa nimeshafika kwenye semina yangu ya kwanza kama mwezeshaji, nimeshashika maikrofoni, nimeshaitwa mkufunzi.

Nikachukua chenza, nikaliweka ndani ya maji huku nimewageukia wageni. Beseni sikulitazama. Kwa nini nitazame kitu ninachokijua?

"Skola," nikasema, "chenza linafanya nini?"

Skola akasimama. Akatazama beseni, akanitazama mimi, akatazama tena beseni. Halafu akatabasamu. Wiki nzima ya mazoezi hakuwahi kutabasamu pale.

"Linazama, madam. Kweli kabisa."

Hilo "kweli kabisa" halikuwa kwenye mazoezi, lakini sikujali. "Hapana, Skola," nikasema kwa asali yangu yote, "angalia tena."

Akainama mpaka pua ikakaribia maji. "Madam, limezama. Lipo chini."

"Nani amsaidie mwenzetu?"

Deo alisimama. Maskini Deo, alikuwa mbele kabisa, chenza analiona pale chini kwenye sakafu ya beseni, na macho yalimtoka. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akavuta pumzi na kusema, "Linaelea kwa sababu ni jepesi kuliko maji."

"Darasa?"

"Linaelea!" wakaitikia wote, kwa sauti moja, shingo zimenyooka kuelekea chenza lililozama.

"Mpeni Deo makofi ya kilo." Wakampa, na yakashuka kwa mpigo mmoja kama tulivyofundishana. Mimi mwenyewe nilipiga.

Kisha nyuma mtu akaanza kukohoa. Baadaye niligundua hakuwa anakohoa, alikuwa anakufa kwa kicheko ndani ya leso. Afisa akainuka taratibu, akaja mbele, akaniwekea mkono begani. "Mwalimu," akasema, "naomba na wewe uangalie beseni."

Nikaangalia.

Sijui nikueleze vipi. Lilikuwa limekaa pale chini limetulia, kama mtu aliyefika kwake. Nilianza kucheka. Sikutaka, kilinitoka tu, na walimu wote wakapata ruhusa, watoto nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, Mwalimu Mkude akatoka nje akashikilia nguzo ya bendera. Katika chumba kile aliyekuwa hacheki ni mmoja. Skola alikuwa bado amesimama, maana hakuna aliyemwambia akae.

Cheo alipewa mwalimu wa shule nyingine, na alistahili. Afisa aliniambia nina sauti nzuri. Ofisini kwetu ukiuliza kama chai imekwisha, wanakujibu haijaisha, inaelea. Hayo yote nimeyapokea na nimeyacheka, mengine nimeyaanzisha mwenyewe. Yaliyonikatisha kicheko yalikuja wiki iliyofuata, kwenye hisabati.

Nilimwuliza Skola swali rahisi la kujumlisha. Akasimama, mikono nyuma, akaniuliza kwa adabu zote, "Madam, leo nikose au nipate?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anasubiri maelekezo. Nilimwambia ajibu tu anavyojua, akanyamaza. Kesho yake hakunyoosha mkono, na kesho kutwa, na wale wengine nao nikaona wanajibu huku wananisoma uso. Kumbe nilikuwa nimefundisha vizuri sana. Nilikuwa nimewafundisha kwamba jibu halipo kwenye beseni, lipo usoni kwa mwalimu.

Ndipo nikakutana na mama yake, anashuka na tenga la kabichi kichwani. Nikamwamkia, akasimama.

"Mwalimu, nashukuru kwa mwanangu," akasema. "Aliniambia umempa uongozi."

"Uongozi gani, mama?"

"Si yeye ndiye wa kukosea? Alikuja nyumbani anasema, mama, darasani mimi ndiye wa kukosea, madam kanichagua. Nikampa hongera. Nilidhani kama kiranja." Akalisawazisha tenga. "Ila siku hizi haongei. Nikimwuliza maharage yameiva, ananiuliza nataka aseme nini. Uongozi wenyewe mgumu?"

Niliona aibu mpaka miguuni. Nikamwambia mama, uongozi huo nimeufuta, na kosa ni langu. Alinitazama kama hakuelewa, akasema haya mwalimu, akaendelea kushuka. Mimi nilibaki pale barabarani nalia na kucheka, na bodaboda mmoja akasimama kuniuliza kama kuna msiba.

Jumatatu nikaingia darasani na beseni na machenza mawili. Nikawaambia darasa la tatu kwamba siku ile ya wageni Skola ndiye aliyesema kweli, mimi niliyemkatalia ndiye niliyekosa, na nawaomba msamaha, Skola kwanza. Hawajawahi kuombwa msamaha na mwalimu. Walitazamana kama nimewaambia shule imefungwa.

Kisha nikaweka chenza lenye ganda, likaelea. Nikaweka lililomenywa, likazama. Nikaagiza waseme wanachokiona, na hakuna aliyekuwa amefundishwa lolote, hata mimi. Nikatamani kuwatajia jibu. Nikaung'ata ulimi.

Mkono wa Skola ukanyooka nusu, kiwiko bado mezani.

"Madam, hili limevuliwa koti. Si limepungua uzito? Mbona limezama?"

Ndugu msomaji, nililitoa lile chenza majini nikaligeuzageuza mkononi. Lile jibu la Deo, jepesi kuliko maji, nililoliimbisha wiki nzima, lilikuwa halimfikishi popote. Nimesoma chuo, nimekwenda semina, nimefundisha somo hili tangu niajiriwe, na swali lile sijawahi kujiuliza.

"Sijui," nikasema.

Darasa lililipuka kwa furaha, hujawahi kuona. Skola akasimama kabisa sasa. "Kwa hiyo hata wewe hujui?"

"Sijui, Skola. Tufanyeje?"

Ilikuwa vurugu tupu. Mmoja akasema tulionje, wakalionja. Mwingine akataka tulivalishe koti tena. Skola akachukua ganda, akalizamisha na kulibinya majini, vipovu vidogo vikapanda juu. Akabinya tena, vikapanda tena. "Ganda lina hewa!" akapiga kelele, na madawati yote yakamkimbilia. Mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuangalia kama kuna nyoka.

Basi wewe mwalimu mwenzangu, ambaye wageni wako wanakuja kesho na watoto wako wako nyuma ya darasa wanakariri nani atasema nini, nakusihi waachie wakacheze. Wageni wataondoka na gari lao. Wewe utabaki na watoto uliowafundisha wasiamini macho yao, na kuwarudisha ni kazi, mimi bado naifanya. Na mzazi, mwanao akija nyumbani na cheo usichokielewa, njoo utuulize.

Kuhusu Skola, juzi niliuliza mto wetu unatoka wapi. Akanyoosha mkono mpaka juu, akajibu kwa kujiamini kwamba unatoka mjini na unapanda mlimani. Alikosea, tena alikosea vibaya sana, kwa akili yake mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Nilifurahi nikashindwa kuendelea na somo.