Toba ya Msimamizi

Msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka ya hospitali hutubu kila mfanyakazi anapoungua mkono, na hatubu kwa mzaha. Hupiga magoti papo hapo kwenye sakafu iliyolowa maji, akajipiga kifua kwa mikono yake laini, na ile sauti iliyozoea kufoka ikawa nyororo kama ya mtu anayebembeleza mtoto. “Ni haraka zangu, Baba. Ni kiburi changu.” Haraka hizo ndizo zilizomfanya aing’oe kinga ya chuma inayozuia mikono isiungue kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, akaiegemeza nyuma ya kiti chake. Sasa huitundikia koti.

Mama wa zamu ya asubuhi, mwenye makovu matatu na kwa hiyo toba tatu, alikuwa amechoka. Leo mfanyakazi mwenzake alipoungua, akakimbilia bombani, mama alisema, “Bosi, turudishie kinga.”

“Mama yangu, chuma hakibadilishi mtu. Tuanze na mioyo.” Akafumba macho, akazama katika toba.

Mama anamjua: akishafika kwenye dhambi za ujana, hafumbui upesi. Akazima mashine, akaliweka koti kitini, akachomoa spana mfukoni mwake, akaifunga kinga kwa nati nne, akiitikia “amina” kila alipokaza moja.

Msimamizi alipofumbua macho akaiona kinga mahali pake. Machozi yakamtoka upya.

“Mnaona?” akawaambia. “Si nilisema tuanze na mioyo?”